Upepo wa Injini: Mashine ya Nyasi Katika Msimu wa Kaskazi

Kaskazi imevuma, na sisi wa Pwani, kutoka Mtwara hadi Lamu, tunajua maana yake. Asubuhi hewa ni nzito, mchana kipimajoto kimefika nyuzi 32 au 33 za Selsiasi kivulini, na jasho halikauki mwilini. Vuli nayo imepita na kuacha nyasi zimesimama. Kiwanja cha mpira cha shule, bustani ya hoteli, uwanja wa gofu, viunga vya hospitali, vyote vinataka kukatwa kwa wakati mmoja. Ndipo zile mashine za kukata nyasi za kukalia, zenye usukani na kiti, zinapofanyishwa kazi kweli kweli. Na ndipo zinapoharibika. Injini inachemka, inapoteza nguvu, inaanza kula oili, na siku moja inakwama katikati ya kiwanja.

Ukimuuliza anayeiendesha, atakujibu kwa neno moja: jua. Ukimuuliza fundi, naye pengine atasema jua. Bosi anayelipa bili ya matengenezo anakubali, kwa sababu jua analiona mwenyewe, na kwa sababu ukishalilaumu jua hakuna mtu wa kuulizwa swali jingine. Mimi nasema jua linasingiziwa, na maadamu tunalisingizia tutaendelea kununua injini. Hilo ndilo ninalotaka tuzungumze leo.

Tuanze na hesabu ndogo. Injini nyingi za mashine hizi hazina rejeta. Hazina maji, hazina pampu ya maji, na mara nyingi hazina hata ule mshale wa joto tuliouzoea kwenye dashibodi ya gari. Zinapozwa kwa hewa. Petroli inayoungua ndani ya silinda, kiasi cha robo tu ya nguvu yake ndiyo inayozungusha visu na magurudumu. Iliyobaki ni joto. Sehemu yake inatoka na moshi kwenye ekzosi, na sehemu inabaki kwenye chuma, na lazima iondolewe. Ikiwa kazini, hedi ya silinda inaweza kufika nyuzi 200. Sasa chuma cha nyuzi 200 kikipulizwa hewa ya nyuzi 25, tofauti ni 175. Kikipulizwa hewa ya nyuzi 35, siku ya joto la kuwaka, tofauti ni 165. Kasi ya chuma kupoa inafuata tofauti hiyo. Kutoka 175 hadi 165 umepoteza kama asilimia 6.

Asilimia 6, wasikilizaji. Injini iliyo safi, yenye oili ya kutosha, inazimudu hizo bila kulalamika. Mashine hizi zinakata nyasi Texas na Arizona, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 38, na zinamaliza msimu zikiwa nzima. Kwa hiyo ikiwa injini yako imekufa kwa nyuzi 33 za Mombasa au Dar es Salaam, jua lilikuta kazi imeshafanyika. Lilisukuma kidogo tu kitu ambacho tayari kilikuwa ukingoni.

Kitu chenyewe ni upepo. Mtazame bodaboda anapopita. Silinda ya pikipiki yake iko wazi, imezungukwa na mapezi, yaani vile vipande vyembamba vya alumini vilivyopangwa kwa safu. Pikipiki inakimbia, upepo wa mwendo unapita kwenye mapezi na kuondoka na joto. Mashine ya nyasi haina bahati hiyo. Inatembea mwendo wa mtu anayekwenda sokoni, na injini imefichwa chini ya boneti. Upepo wa mwendo ni kama haupo, kwa hiyo injini lazima ijitengenezee upepo wake yenyewe. Juu ya injini kuna flaiwili, lile gurudumu zito, na juu yake kuna mapanga ya feni. Injini ikizunguka, feni inazunguka. Inavuta hewa kupitia wavu wa duara ulio juu kabisa, inaisukuma ndani ya kava la bati au la plastiki, na kava linailazimisha hewa hiyo ishuke na kupenya katikati ya mapezi kabla ya kutoka upande wa pili. Huo ndio mfumo mzima wa kupoza. Hakuna kingine isipokuwa oili, nayo nitaifikia.

Sasa fikirieni mahali ambapo feni hiyo inafanya kazi. Visu chini vinazunguka kwa kasi kubwa, vinarusha majani, mbegu, vumbi na mchanga. Mashine inaendeshwa ndani ya wingu ililolitimua yenyewe, na kutoka katika wingu hilo hilo ndimo inamovuta hewa ya kujipoza. Ule wavu wa duara unazunguka ili kukatakata na kutupa majani makubwa, lakini vumbi na vipande vidogo vinapita. Wiki baada ya wiki vinajipanga kati ya mapezi.

Nataka tufungue kava moja pamoja. Zima injini, subiri ipoe, toa ufunguo, chomoa kofia ya plagi na uiweke mbali na plagi, ili mtu akigusa flaiwili injini isije ikawaka na visu vikazunguka. Ng'oa wavu. Fungua bolti za kava, kwa kawaida ni chache na spana ya kumi au ya kumi na tatu inatosha, ingawa mashine za Kimarekani nyingi zinataka spana za inchi. Nyanyua kava. Kama mashine haijawahi kufunguliwa tangu ilipofika, mapezi hutayaona. Utaona majani makavu yaliyoshikana na vumbi na oili iliyovuja kidogo kidogo kwenye gasketi, yamegandamana kama usufi wa mto uliolowa mafuta. Ukisukuma kidole hakipiti. Upande wa karibu na ekzosi yamegeuka meusi, yameshaanza kuungua. Nimeona ndani ya kava hilo kiota cha panya, kilichojengwa kwa vipande vya godoro wakati mashine imelala stoo kungoja mvua. Nimeona pia udongo wa nyigu, mgumu kama kauri, umeziba nafasi kati ya pezi na pezi.

Na kuna hatari moja hapo ambayo watu hawaitambui upesi. Mashine kubwa zina silinda mbili zilizokaa kama herufi V. Mara nyingi uchafu unaziba silinda moja zaidi kuliko nyingine. Moja inapumua, nyingine inaiva. Mashine bado inakata, dereva anasikia tu kwamba leo haina nguvu kama jana. Silinda iliyoziba inapanuka vibaya, gasketi ya hedi inapasuka, mgandamizo unaingia kwenye kreki, yaani tumbo la injini lenye oili, oili inasukumwa kwenda kuungua, na moshi wa bluu unatoka. Hapo ndipo watu wanasema injini imechoka, ringi zimeisha. Huenda ringi ni nzima kabisa. Kilichokosekana ni brashi ngumu, mashine ya upepo ya kupulizia vumbi, na mtu aliyepewa ruhusa ya kufungua kava.

Vitabu vya watengenezaji vinasema mfumo huu usafishwe kila saa 100 za kazi au mara moja kwa mwaka, na mara nyingi zaidi mahali penye vumbi. Kiwanja chetu cha Januari, mchanga mtupu na nyasi zilizokauka ncha, ndicho mahali penye vumbi. Mimi ningesema wavu wa juu uangaliwe kila siku kabla ya kuwasha, tena na katikati ya kazi, na kava lifunguliwe kabla ya kaskazi kuanza na mara nyingine kabla haijaisha. Anayekata nyasi kila siku, kama viwanja vya gofu, afungue kila mwezi.

Nikifika hapa huwa ninasikia pendekezo linalotolewa kwa nia njema kabisa. Mtu anasema: kama kava ndilo linaloshika uchafu, kwa nini tusilitoe tu, injini ikae wazi ipigwe na hewa kama pikipiki? Na kweli, ukizunguka kwenye gereji zetu utakuta mashine za nyasi, na majenereta pia, zimevuliwa makava, bati limewekwa pembeni au limeshauzwa chuma chakavu. Tafadhali, msifanye hivyo. Feni bila kava inatawanya hewa pande zote, na hewa inapita njia iliyo rahisi, mbali na mapezi. Mapezi ya nyuma, yale yasiyoonekana, hayapati kitu. Lile bati linaloonekana kama pambo ndilo linalougeuza upepo na kuupeleka mahali penye joto. Hata kipande kidogo cha bati kilicho ubavuni mwa silinda, ambacho fundi akikirudisha anaona kinamchelewesha, kina kazi yake.

Wazee wetu waliofunga Volkswagen za zamani, zile zenye injini nyuma, wanalijua jambo hili vizuri. Injini ile nayo ilipozwa kwa hewa, kwa feni na makava ya bati yaliyofunika silinda zote nne. Gari lile lilishinda mbio za Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962, katika vumbi na joto la Afrika Mashariki lile lile tunaloliogopa. Na fundi mzoefu wa gari lile, ukimletea moja inayochemka, atakagua makava na mipira ya kuziba mianya kabla hajashika kabureta. Bati likikosekana au mpira ukiraruka, hewa ya moto ya chini inavutwa tena juu na injini inajichemsha yenyewe. Ujuzi huo tunao tayari. Unahitaji tu kuhamishiwa kwenye mashine ya nyasi.

Jambo la pili nitalisema polepole, kwa sababu linapingana na hisia za kila mtu. Dereva akiona injini imepata joto, mkono wake unakwenda kwenye resi. Anapunguza. Anaona anaihurumia, na pia anaokoa petroli. Lakini feni imefungwa kwenye injini. Injini ikizunguka mara 3,600 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya juu ya nyingi ya mashine hizi, feni inatoa upepo wake wote. Ukishusha hadi 1,800, upepo unabaki kama nusu. Na oili inayorushwa au kusukumwa kwenda kwenye pistoni inapungua vilevile. Je, kazi imepungua kwa nusu? Hapana. Nyasi ni zile zile, zimesimama pale pale, na visu vinavyozunguka taratibu vinazing'oa badala ya kuzikata. Injini inabanwa, inagugumia, petroli inaendelea kuingia, na joto linalozalishwa halina wa kuliondoa.

Kwa hiyo sheria ya kukata nyasi kwenye joto ni hii: resi juu, mwendo chini. Mkono wa resi uwe kwenye alama ya kasi kamili, ile yenye picha ya sungura, muda wote visu vinapokata. Kama injini inaonekana kuzidiwa, punguza mwendo wa magurudumu kwa pedali au kwa gia. Mashine itembee polepole, imeze nyasi chache kwa kila hatua, lakini feni iendelee kuvuma kwa nguvu zake zote. Wale wanaosimamia madereva, naomba jambo hili walisikie wao kwanza. Nimewahi kumsikia msimamizi akimkaripia kijana kwa kelele ya injini, akimwambia ashushe resi maana wageni wamelala. Heri kuanza kazi saa mbili na nusu, wageni wakiwa wameamka, kuliko kukata kwa resi ndogo saa moja.

Tukiwa bado kwenye saa, muda mzuri wa kukata kwenye msimu huu ni umande ukishakauka hadi kama saa nne na nusu, kisha kuanzia saa kumi jioni. Umande una maana. Nyasi mbichi zinagandamana chini ya deki, lile bakuli la chuma linalofunika visu, na tabaka likishakuwa nene visu vinasaga matope ya majani kila mzunguko. Injini inabeba mzigo ambao hakuna anayeuona. Baada ya kazi deki likwanguliwe, kofia ya plagi ikiwa imechomolewa.

Mzigo ndio mwenzake joto. Nyasi zilizofika magotini baada ya vuli zisikatwe kwa mara moja kufika chini. Watunza bustani wana kanuni ya kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu wa jani kwa mpigo, nao wanaisema kwa afya ya nyasi, kwamba mzizi usiachwe uchi juani. Injini nayo inafaidika. Pandisha deki juu, kata mara ya kwanza, rudi baada ya siku mbili tatu ukate ya pili. Na visu vinolewe. Kisu butu unakitambua bila kukifungua: tazama ncha za nyasi kesho yake asubuhi. Zikiwa zimechanika na kugeuka rangi ya majani makavu, kisu hakikati, kinapiga. Kila pigo hilo linalipiwa na injini.

Maji sasa. Kuna tabia ya kumwagia injini maji ikichemka, au kuileta moja kwa moja kutoka kiwanjani hadi kwenye mashine ya kuoshea magari na kuipiga maji ya presha. Alumini na chuma vyenye moto wa nyuzi zaidi ya 100, vikipigwa maji ya baridi upande mmoja, vinasinyaa upande huo tu. Hedi inaweza kupinda au kupasuka, gasketi ikaachia. Hata injini ikiwa ya baridi, maji ya presha yanasukuma uchafu ndani zaidi katikati ya mapezi, ambako unakauka na kuwa udongo, na yanaingia kwenye kabureta, koili na beringi. Injini isafishwe ikiwa imepoa, kwa brashi na upepo. Maji yabaki kwa deki na magurudumu.

Nimeahidi oili. Katika injini ya hewa, oili inalainisha na pia inabeba joto kutoka chini ya pistoni na kulipeleka kwenye kuta za kreki. Lakini ni kidogo sana. Gari dogo lina lita tatu hadi nne. Mashine ya nyasi ya silinda moja ina kama lita moja na nusu, ya silinda mbili inakaribia mbili. Ikipungua nusu lita, na kwenye joto inapungua, umepoteza theluthi au robo ya oili yote, na iliyobaki inafanya kazi ya iliyoondoka. Kwenye gari nusu lita unaweza usiitambue. Hapa inaua. Kijiti kikaguliwe kila siku mashine ikiwa imesimama mahali tambarare, injini ikiwa ya baridi. Na isijazwe kupita alama, kwa sababu shafti ya kreki inaipiga povu, na povu halilainishi wala halibebi joto.

Namba ya oili nayo ifuatwe kwenye kitabu cha mashine. Briggs & Stratton, kampuni ya Milwaukee, Marekani, iliyoanza mwaka 1908 na ambayo injini zake ziko kwenye mashine nyingi tunazoziona huku, inapendekeza SAE 30 kwa hali ya hewa ya joto. Inasema 10W-30 ikitumika joto likipita nyuzi 27 inaweza kuliwa haraka zaidi, kwa hiyo kijiti kitazamwe mara kwa mara. Nyuzi 27 kwetu Pwani ni joto la usiku. Oili ya zamani ibadilishwe kwa saa zilizoandikwa, kwa wengi ni saa 50, na kwa vumbi na joto letu sioni sababu ya kungoja zaidi. Injini mpya inabadilishwa mapema, saa tano hadi nane za mwanzo, ili kutoa unga wa chuma. Hili la injini mpya husahaulika karibu kila mahali, na mashine inaanza maisha ikijisugua.

Chujio la hewa na kabureta nitavipita haraka, si kwa sababu havina maana bali kwa sababu mafundi wengi tayari wanavikumbuka. Chujio lililoziba linabadilisha mchanganyiko, na chujio lililopasuka linaingiza mchanga kwenye silinda. Kabureta yenye tundu lililoziba nusu kwa uchafu wa petroli iliyolala inatoa petroli pungufu, na petroli pungufu kwenye mzigo inachoma kwa joto zaidi. Injini inayotaka choki hata ikiwa ya moto inakwambia hivyo. Na kwa kuwa tunataja hewa, ninyi wasikilizaji wa Nairobi, ambako ni zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, msijione mko salama kwa ubaridi wenu. Hewa ya huko ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ikilinganishwa na ya Mombasa, kwa hiyo feni ile ile inasukuma hewa kidogo zaidi kwa kila mzunguko. Mapezi yaliyoziba yanaua injini Nairobi pia.

Kwa kuwa hakuna mshale wa joto, dereva ndiye kipimo. Ajifunze dalili: nguvu inapungua kwenye nyasi ambazo jana zilikatika vizuri, harufu kali ya oili inayoungua, mlio wa kugonga ndani, moshi wa bluu, au injini inayoendelea kutapatapa baada ya kuzimwa. Akiona nguvu imepungua na kunusa harufu, asizime ghafla. Aondoe visu kazini, asimame mahali pasipo na nyasi kavu maana ekzosi yenye moto inaweza kuwasha moto kiwanjani, na aiache injini izunguke bila mzigo dakika moja au mbili. Feni itaendelea kupuliza. Ukizima ghafla feni inasimama papo hapo, na joto lililo ndani ya chuma linapanda hadi kwenye kabureta na kuchemsha petroli, ndiyo maana mashine nyingine zinakataa kuwaka tena mpaka zipoe. Lakini akisikia mlio wa chuma kugonga chuma, azime mara moja, bila kungoja dakika yoyote.

Na asijaze petroli injini ikiwa ya moto. Kwenye joto la kaskazi petroli inatoa mvuke hata ndani ya dumu, na mvuke huo ukikutana na ekzosi atakayeungua ni mtu. Dumu likae kivulini, injini ipoe kabisa, ndipo kifuniko kifunguliwe.

Huyo mtu ninamfikiria sana. Anakaa karibu na injini hii, joto linampanda miguuni, jua liko kichwani, kelele masikioni, vumbi machoni. Apewe kofia pana, vizibo vya masikio, miwani na maji ya kunywa ya kutosha, na aruhusiwe kusimama. Kila anaposimama kunywa maji ni nafasi ya kuangalia wavu wa juu na kuondoa majani kwa mkono, injini ikiwa imezimwa. Mapumziko ya mtu na usafi wa mashine vinaingia katika dakika zile zile, wala hakuna anayepoteza.

Tatizo liko kwenye ratiba. Katika taasisi nyingi dereva wa mashine ya nyasi anapimwa kwa ukubwa wa kiwanja alichokata kabla ya saa fulani. Hakuna anayempima kwa mapezi aliyosafisha. Kufungua kava, kupuliza, kukwangua deki, kunoa visu na kubadilisha oili kunakula nusu siku, na nusu siku hiyo haimo kwenye karatasi ya msimamizi. Kijana akiichukua anaonekana mvivu. Asipoichukua, injini inakufa, na bado analaumiwa kwamba hajui kuendesha. Kisha taasisi inatafuta injini nyingine kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, na bei yake ingelipa nusu siku za miaka mingi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa shule, mameneja wa hoteli, makatibu wa vilabu na wasimamizi wa viwanja wanaonisikiliza. Kabla wiki hii haijaisha, mwambieni dereva wenu afungue kava mkiwa mmesimama hapo, mwone wenyewe kilichomo kati ya mapezi. Halafu andikeni kwenye ratiba siku na saa ya kulifungua tena, kwa jina la yule atakayefanya kazi hiyo, na malipo yake yakihesabiwa kama ya siku ya kukata nyasi.